Rangi ya Jukwaani

Mkakasi ni kikasha kidogo cha mti. Fundi hukichonga, akakitia nakshi na rangi, kikang'ara hata kila akionaye akatamani kukishika. Lakini atakayekikwaruza kwa ukucha atakuta chini ya rangi mti ule ule uliokatwa msituni, usiofaa hata kuchemshia chai. Wahenga waliokitungia methali hawakuwa na kinyongo na vikasha. Walikuwa wakiwasema watu. Hadithi hii inamhusu mtu mmoja wa namna hiyo.

Alikuwa mchomeleaji wa vyuma, na wenzake karakanani walimbandika jina la Nondo kwa sababu ya unyoofu wake na ugumu wa mwili wake. Aliishi katika nyumba ya vyumba viwili pamoja na mkewe, aliyekuwa mwoka mikate, na baba yake mzazi. Mzee huyo alikuwa mpishi wa shule ya bweni hadi alipostaafu. Kisha kiharusi kikampiga, kikamwachia mkono mmoja wa kufanyia kazi na ulimi ambao haukupooza hata chembe. Kila asubuhi, mkewe akishakwenda tanurini, Nondo aliingia chumbani kwa mzee, akamwamkia, akapitisha mikono chini ya makwapa yake, akamkumbatia kifua kwa kifua na kumwinua hadi kwenye kiti cha magurudumu. Mzee hakuwahi kuogopa.

"Wenye mali hununua kreni," alizoea kusema akiwa hewani. "Mimi yangu niliizaa."

Mwaka uliotangulia, Nondo alikuwa ameshika nafasi ya pili katika mashindano ya kutunisha misuli. Jaji mmoja alimweleza kwamba mwili wake ulikuwa mkubwa lakini haukuwa mkavu. Maji yalikuwa bado yamejificha chini ya ngozi na kuifunika misuli. Neno hilo lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Kocha wake, bingwa wa zamani aliyemiliki chumba cha mazoezi, alimwahidi dawa.

"Safari hii tutakukausha," alisema. "Tutaanza na chakula, tufuate na chumvi, tumalizie na maji. Pale jukwaani hawakuulizi unaweza kubeba nini, mdogo wangu. Wanatazama tu."

Basi Nondo akaanza kula kuku wa kuchemsha na ute wa mayai, bila mafuta wala kiungo, kwa vipimo alivyovikadiria kama dawa. Karakanani wenzake walimtania.

"Nondo, hicho ni chakula cha mgonjwa au cha paka?"

"Cha paka hakikosi harufu," mwingine alidakia.

Mwanzoni alicheka nao. Baadaye kicheko kilimkauka kabla ya ngozi. Siku moja, kwa utani wa aina hiyo hiyo, alivurumisha nyundo ikagonga ukuta kando ya sikio la mwenzake, na tangu siku hiyo hakuna aliyemtania tena, wala aliyemsemesha. Usingizi ulimpaa. Alikuwa akisahau alichokuwa akikifanya: aliacha mtungi wa gesi wazi, akachomelea mlango kinyumenyume. Joto la karakana lilipowatoa wenzake jasho, yeye alitetemeka kwa baridi. Na kila alipojitazama katika kioo, mahali ambapo watu waliona jitu, yeye aliona kijana mwembamba aliyeshindwa mwaka jana.

Mkewe ndiye aliyeonja uchungu zaidi. Jioni moja alipotoka kazini, Nondo alimzuia mlangoni.

"Usiingie na nguo hizo. Unanuka mkate."

"Wake wa watu hufokewa kwa kunuka," mkewe alijibu taratibu. "Mimi leo ninafukuzwa kwa kunukia."

Hata hivyo, alikwenda kuoga na kubadili nguo kwa jirani, na akaendelea kufanya hivyo kila siku. Aliacha pia kumsimulia mumewe habari za tanurini, kwa kuwa kila habari ya huko ilikuwa na chakula ndani yake.

Mzee alikuwa akiyaona hayo yote kutoka kitini pake. Akiwa mpishi, jambo la chumvi ndilo lililomuudhi kuliko yote.

"Mwanangu, hata mbuzi hulambishwa chumvi."

"Mbuzi hashindani na mtu, Baba."

"Ndiyo maana hunenepa."

Siku ya mkesha wa mashindano, kocha alimpaka Nondo rangi ya jukwaani, rangi ya shaba iliyokoza ambayo huufanya kila mshipa uonekane kama umechorwa kwa kalamu. Alimwonya asiguse maji wala asiguswe na mtu, maana kila mguso ungeacha baka. Maji ya kunywa yalikuwa yamekwisha kukatazwa. Kwa muda alikuwa akilowesha midomo tu kwa kifuniko cha chupa.

Kulipopambazuka, mkewe alimtazama alivyosimama akijishikilia mwimo wa mlango.

"Niombe ruhusa leo, nibaki na Baba?"

"Nenda kazini," alisema Nondo. "Ni lini nilishindwa kumwinua?"

Mkewe akaenda. Nondo akaingia chumbani kwa mzee.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Ah, nani ameniletea sanamu chumbani?"

"Nitakuweka kitini tu. Nitakuogesha jioni nikirudi. Rangi hii haitaki maji."

"Na mimi je, inanitaka?"

Nondo alijizungushia taulo mikononi, akamshika mzee makwapani kwa mikono iliyonyooshwa, kifua chake akikiweka mbali, kama mtu mwenye shati jeupe anayebeba sufuria la masizi. Mzee alipanda shubiri moja kutoka kitandani. Papo hapo misuli ya mapaja ya Nondo, iliyokaushwa hadi tone la mwisho, ilikaza kama waya uliovutwa, na magoti yakamkunjika. Alikuwa na nafasi, fupi kama kupepesa jicho, ya kumvuta baba yake kifuani waanguke pamoja, yeye akiwa chini. Aliikumbuka rangi. Mikono ikafunguka.

Mzee alianguka ubavu juu ya saruji.

"Umeumia, Baba?"

Uso wa mzee ulikuwa umegeuka rangi ya jivu.

"Sijaumia. Niburute kitandani, uende zako. Utachelewa."

Nondo aliuona uso, akayasikia maneno. Akachagua maneno.

Siku hiyo alishinda. Aligeuka kushoto na kulia, akatabasamu huku ulimi ukiwa umegandamana na kaakaa, na jaji yule yule akausifu ukavu wake mbele ya umati. Aliposhuka jukwaani na nishani shingoni, kocha alimpa simu yake.

"Mkeo amepiga mara nyingi. Sikutaka kukuvuruga."

Alimkuta mzee hospitalini, juu ya machela, nyonga imevunjika. Muuguzi alipomwona, uso wake ulichangamka.

"Afadhali umekuja, kaka. Wewe mwenye mwili wako, shika mabegani, tumhamishie kitandani."

Watu waliokuja kuwaona wagonjwa wakampisha. Nondo aliinama, akashika, akajaribu kuinua. Mabega ya mzee hayakuondoka kwenye machela. Mzee akaguna kwa maumivu.

"Acha, kaka, acha. Utamwangusha."

Mkewe alimsogeza kando kwa kiwiko. Yeye, muuguzi, na bibi mmoja mwembamba aliyekuja kumwona mgonjwa wake wakaishika shuka, wakamhamisha mzee kwa pumzi moja.

"Kumbe ule mwili ni wa maonyesho," mgonjwa wa kitanda cha pili alimnong'oneza mwenzake, na Nondo akasikia.

Mzee alirudi nyumbani baada ya muda mrefu, mwembamba kuliko alivyoondoka. Nondo alikuwa ameanza kula, chumvi imerudi chunguni, na karakanani aliweza tena kuinua mihimili ya chuma peke yake. Asubuhi moja aliingia chumbani, akaamkia, akatandaza mikono kama zamani.

Mkono mmoja mzima wa mzee ukaushika ubao wa kitanda.

"Ngoja mkeo arudi, mwanangu."

"Baba, nguvu zimerudi."

"Naona," mzee alisema kwa upole. "Naona, mwanangu." Lakini mkono haukuuachia ubao.

Wakangoja, mmoja amelala, mmoja amesimama. Mkewe aliporejea, mwanamke asiyefika hata begani kwa mumewe, alipita kando ya kifua kile kipana, akainama. Mzee akaachia ubao, akamzungushia mkono shingoni kabla hajaambiwa.

Nondo alibaki amesimama pale, mzuri wa kutazamwa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.