Mke Aliyeombwa Mikono

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na mtu.

Mtu huyo alipatwa na nini?

Tuambie, bibi, tusikie.

Basi palikuwa na msichana jina lake Mashavu. Aliishi kijiji cha Mtondoni na mdogo wake Kazija. Wazazi wao walikwisha kufa. Mashavu alisuka mikeka, na kwa kusuka hakuna aliyemshinda. Tena alikuwa na kicheko. Akicheka uani, jirani aliyekuwa akigombana na moto wa kuni mbichi alijikuta naye anacheka, wala hajui kilichomchekesha.

Siku moja akaja mgeni, kijana mzuri, amevaa kanzu safi na kilemba kikubwa. Akasema anaitwa Sudi. Akanunua mkeka. Akarudi akanunua mwingine. Akarudi tena, na watu wakaelewa kwamba huyu shida yake si mikeka.

Kazija akamwuliza dada yake, "Mbona hafungui kilemba hata akila?"

"Labda kwao ndiyo heshima," Mashavu akasema.

Basi wakaoana, Sudi akamchukua mkewe kwake, ng'ambo ya msitu.

Kumbe Sudi hakuwa mtu. Alikuwa zimwi. Chini ya kilemba, kisogoni, alikuwa na mdomo wa pili, na mdomo huo haukula ugali wala samaki.

Siku moja Sudi alirudi amekunja uso.

"Mke wangu, kicheko chako kinasikika hadi njiani. Wapita njia wanageuza shingo. Kama unanipenda, nipe hicho kicheko nikutunzie."

Mashavu akafikiri, kicheko tu, si kitu. Akampa. Kikamtoka kifuani, kikaenda kikaingia chini ya kilemba. Kesho yake Sudi akakaa barazani na wenzake, akacheka kicheko cha Mashavu, nao wakasema, "Huyu bwana mchangamfu kweli." Mashavu alibaki ndani. Likipita jambo la kuchekesha alifungua mdomo, kisitoke kitu.

Siku moja Sudi akasema, "Kila Ijumaa unakwenda kwenu. Mdogo wako ananisengenya. Mimi peke yangu sikutoshi? Kama unanipenda, nipe njia ya kwenu."

Mashavu akampa. Ijumaa ilipofika alisimama mlangoni, akautazama msitu, asijue kwao ni upande gani.

Akamweleza jirani yake, Bi Mgeni. Bi Mgeni akamshika bega. "Mwanangu, ndoa ni kuvumilia. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

Wajukuu zangu, methali hiyo mimi nimeisikia tangu utotoni, na siku zote najiuliza kama aliyeitunga hakuwa zimwi mwenyewe.

Siku moja Sudi akasema, "Ukiitwa Mashavu unajiona mtu mkubwa. Kama unanipenda, nipe jina lako."

Mashavu akampa. Tangu hapo ikawa: We, maji. We, chakula. We, mbona umekaa? Na lililo baya kuliko yote ni kwamba alizoea. Alijiambia, hanipigi, hanitukani, kuni analeta. Labda mimi ndiye ninayetaka makubwa.

Basi miezi ikapita. Kazija akaona dada haji, salamu haziji. Akajifunga kanga kiunoni, akaingia msituni akiwauliza wakata kuni, mpaka akafika. Sudi hakuwepo. Akamkuta mwanamke uani, amekonda, anasuka ukili wa mkeka, macho chini.

"Hodi," Kazija akasema. "Namtafuta dada yangu, Mashavu."

Mwanamke yule akatazama huku na huku. "Simjui. Hapa niko mimi tu."

"Wewe nani?"

"Mimi ni We."

Kazija akakaa chini. Uso ule ulikuwa umebaki mifupa, lakini mikono aliijua. Ndiyo mikono iliyomlisha alipokuwa mdogo. Hakulia. Akauliza polepole, kama mtu anayemsogelea kuku mwenye vifaranga.

"Jina lako liko wapi?"

"Analo mume wangu."

"Alikunyang'anya?"

"Hajaninyang'anya kitu. Aliomba, nikampa."

"Ungekataa, angefanya nini?"

"Angekasirika."

"Halafu?"

Mwanamke akafikiri. Akafikiri sana. "Sijui. Sijawahi kukataa."

"Dada," Kazija akasema, "mwenye nguvu ya kunyang'anya hana haja ya kuomba."

Neno hilo lilikuwa bado hewani Sudi alipoingia. Akamwona Kazija, akatabasamu. "Karibu, shemeji." Kisha akamgeukia mkewe, sauti laini kama mafuta. "We, huyu amekuja kutuvunjia nyumba. Na kinachowaleta watu hapa ni hiyo mikono yako na mikeka yako. Kama unanipenda, nipe mikono."

Mwanamke akaitazama mikono yake. Ilikuwa na makovu ya miiba ya ukindu na rangi iliyoingia kwenye kucha. Hakuwa amebakiwa na kitu kingine. Kazija alitaka kumjibia, akajiuma mdomo. Jibu hilo halikuwa lake.

"Hapana," mwanamke akasema. Sauti ilikuwa ndogo, hata yeye mwenyewe alidhani hakusema.

Sudi akacheka, akamcheka mkewe kwa kicheko kile kile alichopewa naye. "Nani alikupenda kabla yangu? Nani atakutazama baada yangu? Nipe mikono."

"Hapana."

Sudi akaanguka miguuni pake, akalia machozi. "Utaniua. Bila wewe mimi nitakufa. Nipe mikono."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote, kwa sababu alimhurumia. Mkono wake ulikuwa umekwisha kunyooka kumfuta machozi. Akaurudisha.

"Hapana."

Sudi akainuka. Kilemba kikaanguka, mdomo wa kisogoni ukafunguka, mwekundu, meno juu ya meno, ukanguruma hadi vyungu vikatikisika jikoni. "Basi nitakumeza mzima."

Mwanamke hakurudi nyuma. "Mikono hii ni yangu," akasema. "Na mimi mwenyewe ni wangu. Sikupi."

Mdomo ule ukatafuta huku, ukatafuta kule, usipate kilichotolewa. Na mdomo wa namna hiyo ukikosa cha kupewa humrudia mwenyewe. Ukaling'ata bega lake Sudi. Akapiga ukelele, akatoka mbio kuingia msituni, na kila alivyokimbia ulizidi kumtafuna. Hajaonekana tena.

"Mashavu," Kazija akaita.

"Naam," dada yake akajibu, na wote wawili wakashtuka.

Basi jina lilirudi siku ile ile. Kicheko kilichelewa sana, na kilipokuja kilikuwa kifupi kuliko cha zamani. Njia haikurudi kabisa. Kazija alimshika mkono wakapita msituni, na Mashavu ilimbidi ajifunze upya: hapa kuna jiwe, hapa kuna kijito, hapa unapinda kulia.

Na msidhani kijiji kizima kilimpokea kwa vigelegele. Wapo waliosema angevumilia kidogo. Wapo waliomwuliza alimkosea nini mumewe. Na zilikuwepo siku ambazo Mashavu alimkumbuka Sudi, akaona haya, asimwambie mtu. Kazija alizijua siku hizo. Alikuja kukaa karibu naye, wakasuka bila kusema.

Siku moja akaja mtu jina lake Mbwana, mleta ukindu wa kusukia. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuketi kivulini mwao.

"Bi Mashavu, nipe maji ya kunywa," akasema.

Mashavu alikuwa anapika rangi, mikono imejaa. Akasema, "Hapana, siwezi sasa. Nina kazi."

Kisha akamtazama usoni. Akamtazama kweli kweli, kama mtu anayengoja kuona ukuta utaanguka upande gani.

"Haya," Mbwana akasema. Akainuka, akachukua kata mtungini, akajitekea, akanywa. Akamwuliza Mashavu kama naye ana kiu.

Mashavu akarudi kuikoroga rangi yake.

Kama walioana au hawakuoana, msiniulize. Aliyenisimulia hakuniambia, nami sikumwuliza.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye sikio ameibeba, aliyesinzia imempita. Nanyi wasichana, na nyinyi wavulana pia, shikeni neno hili: mtu akikupenda, ukimwambia hapana atabaki mtu. Ukimwambia hapana akageuka zimwi, basi alikuwa zimwi tangu mwanzo.