Akubebeaye Ndoo Huondoka na Mkono

Akubebeaye ndoo huondoka na mkono. Jana Kiangi aliponikimbilia bombani ili anipokee ndoo, nilimjibu hivyo, naye akaduwaa kana kwamba nimemtukana. Leo mmekuja wote kuniuliza tangu lini kumsaidia mzee kukawa wizi. Si wizi, na Kiangi hakukosa adabu. Kaeni, endeleeni kupukuchua hayo mahindi, mdomo wangu hauzuii mikono yenu. Neno hilo lina kwao, na kwao ni hapahapa kitongojini, nyumbani kwa Nakijwa.

Nakijwa hamkumkuta. Alikuwa mjane, mumewe amezikwa mgombani, upande wa juu wa nyumba, na mwanawe wa pekee, Eliamini, alikuwa na duka Korogwe. Mwaka mmoja wa mvua nyingi Nakijwa aliteleza kwenye mteremko akaangukia bega la kuume. Hospitali walimpiga picha, wakaona mfupa mzima. Wakamfunga mkono kwa kitambaa shingoni, wakamwambia akae nacho wiki moja, kisha aanze kuutumia mkono taratibu.

Wiki ilipokwisha alikuwa na nafuu. Hapo ndipo tulipokosea, na tulikosea kwa mapenzi. Tulisema kama wiki moja imeleta nafuu, mwezi utaleta uzima. Wifi yake Naetwe, dada wa marehemu mumewe, akakifunga kitambaa upya. Naetwe alikuwa mtu wa kazi na wa amri. Akisema kaa, hata mbuzi anakaa. Akaitisha msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ya kuzibua mifereji na kujenga nyumba, safari hii kwa ajili ya bega la mtu mmoja. Wanawake waligawana zamu za maji na za kupika, wanaume tukapasua kuni. Yaliyobaki Naetwe aliyachukua mwenyewe, kumsuka, kumfunga kanga, kumwogesha mgongo. Nakijwa akitazama kikombe tu, wifi ameshakifikisha mdomoni.

Sasa sikilizeni lililotuchanganya. Kadiri tulivyomsaidia ndivyo alivyozidi kuumia. Bega lilikakamaa, akawa halalii ubavu ule. Shingo nayo ikaanza kuuma, kisha mgongo, kwa kushinda kwenye kigoda kutwa. Tuliulizana kosa liko wapi na hakuna aliyejua. Huyu alisema ni baridi, yule akasema ni jicho la mtu, mwingine akalaumu mafuta ya kuchulia. Tukaleta mafuta mengine, na Naetwe akakaza kitambaa.

Eliamini alipokuja kumjulia hali, mama yake alishindwa hata kumnyooshea mkono. Kijana aliumia moyo. Akasema mavuno ya mahindi yakifika, na akikuta mama bado hawezi kuinjika chungu mwenyewe, atakuja na gari kumhamishia Korogwe na nyumba itafungwa. Hakusema kwa ubaya. Lakini Nakijwa alijua kwamba nyumba ikifungwa huku milimani, mchwa hawamngoji mwenyewe. Alitaka kufia pale alipozikwa mumewe, na alituambia hivyo waziwazi huku akilia.

Basi akarudi hospitali, Naetwe nyuma yake kabeba mfuko. Safari hii walipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama wa makamo aliyeitwa Tumsifu. Hakuanza na bega, alianza na maswali. Nani anakuchotea maji? Wifi. Nani anakuchana nywele? Wifi. Nani amekufunga hiyo kanga? Wifi tena.

"Mama," akasema, "naona wifi yako anatumia mikono mitatu, na wewe umebaki na mmoja."

Naetwe alinuna palepale. Nakijwa yeye alizidi kuchanganyikiwa.

"Daktari, nikiusogeza unauma. Maumivu yananiambia niache, wewe unaniambia nisogeze. Nimsikilize nani?"

"Utusikilize sote wawili. Ukiunyoosha ukauma kidogo, kisha ukapumzika yakapoa, hicho ni kiungo kinaamka. Maumivu yakilala nawe mpaka kesho yake, umezidisha. Punguza, lakini usiache."

Akamweleza kwamba bega lisilotumika hujifunga lenyewe, na kila siku ya kitambaa ilikuwa imelifunga zaidi. Akamfundisha kulikanda kwanza kwa kitambaa cha maji ya moto, kisha kuinama ameshika meza huku mkono ule unaning'inia na kuyumba, kisha kuupandisha ukutani kwa vidole, polepole. Alimwambia asishinde kigodani, atembee kila siku hata kama hana anakokwenda, na akilala aweke kanga iliyokunjwa chini ya mkono.

Nyumbani ikawa kioja. Watu walipita wakamwona mwanamke mzima anakwea ukuta kwa vidole. Wakamwona anakwenda mpaka njia panda na kurudi, hana jembe wala kikapu. Huku kwetu mtu akitembea ana safari, kwa hiyo walimuuliza kama amepoteza kitu. Yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Leo mkono ulifika kidevuni, kesho uligoma kifuani, na hakuona sababu. Siku moja ulipolainika alifurahi mno, akatwanga mahindi yote ya makande peke yake. Kulipokucha hakuweza hata kujifunika.

Naetwe alikuja na kitambaa. Hakugomba, alisema tu kwamba alijua. Nakijwa akamwachia mkono ufungwe, akakaa siku nzima hajui amwamini nani, aliyesoma au aliyempenda. Mpaka jua linaelekea kuzama ndipo alipolikumbuka neno la yule mtaalamu, kwamba apunguze lakini asiache. Alikuwa amezidisha, basi. Akakifungua kitambaa kwa mkono wa kushoto na meno.

Akarudi kwenye meza na ukuta, kidogo kidogo, na maumivu yalipopoa akaenda bombani na ndoo yenye maji ya chini tu, hata kuku asingeoga humo. Mimi nilikuwepo, nanywesha ng'ombe. Naetwe alimwona, akaja mbio akaushika mpini. Nakijwa hakuuachia.

"Niachie, wifi."

"Utaumia bure. Mimi nipo kwa kazi gani?"

"Akubebeaye ndoo huondoka na mkono," Nakijwa akasema.

Waliokuwa bombani wakageuka. Naetwe aliuachia mpini.

"Yaani mimi ni mwizi?"

"Si mwizi, wifi yangu. Nilikupa mwenyewe. Sasa naomba unirudishie."

Naetwe akageuka akaenda zake, na kwa muda mrefu hakukanyaga tena nyumba ile. Kitongoji kiligawanyika. Wapo waliosema Nakijwa hana shukrani, mtu amekulisha kwa mkono wake unamjibu hivyo hadharani. Wapo waliosema amesema kweli ila kaisema vibaya. Mimi sikujua nisimame wapi, maana nilimwona Naetwe akilia nyuma ya zizi, na nilimwona Nakijwa akiifikisha ndoo yake nyumbani.

Mahindi yakavunwa. Eliamini akaja na pikapu na vijana wawili wa kubeba kitanda. Majirani tulikwenda, na Naetwe naye akaja, akakaa kwenye mkeka karibu na mlango. Nakijwa alimwamkia, naye akaitika kwa sauti ndogo. Kisha mama wa nyumba akatuambia tukae, chakula hakijawa tayari. Chungu cha makande kilikuwa juu, kwenye uchaga wa jikoni.

Akasimama, akaupandisha mkono wa kuume. Ulipita kidevu, ukafika usawa wa sikio, hapo ukasimama na kuanza kutetemeka. Jasho lilimtoka. Sote tulimtazama na hakuna aliyejua la kufanya, maana mikono yetu ilikuwa imezoea kumtangulia. Eliamini akainuka.

"Kaa chini, mwanangu," Naetwe akasema.

"Shangazi, humwoni anavyotetemeka?"

"Namwona." Nikamtazama. Alikuwa amekalia mikono yake yote miwili, na machozi yanamshuka mpaka shingoni. "Akubebeaye ndoo huondoka na mkono. Kaa."

Kijana akakaa. Nakijwa akavuta pumzi, akashusha mkono kidogo, akaupandisha tena, vidole vikagusa ukingo wa chungu. Kikashuka kifuani mwake, mkono wa pili ukakipokea, akakiinjika juu ya mafiga. Pikapu ilirudi Korogwe na ndizi tu, na kitanda kilibaki mahali pake.

Naetwe aliniambia baadaye kwamba mpaka siku hiyo haelewi vizuri inawezekanaje kumpenda mtu na kukaa ukimtazama anavyohangaika. Lakini alisema maji yote aliyobeba mwaka ule hayakuwa mazito kama kukaa pale mkekani.