Nyuzi Mbili Juu ya Mkeka wa Somoe

Hapo zamani, babu zenu hawajaota meno, mto ulianza kufura kandokando ya kijiji cha Kingwede. Jumbe Kandoro hakujali. Alikuwa na boma la udongo, shubiri ishirini kwenda juu, na kila siku watu wake waliliongeza shubiri moja. Nyuma ya boma hilo alilala mama yake, kiuno kimevunjika, habebeki ila kwa machela.

Pazi, mkata matete, alichomeka mti majini penye kitako cha boma, akawa anaingia kila alfajiri kupima maji. Siku ya kuchomeka mti, shubiri nne. Kesho yake, siku ya kwanza ya kuhesabu, saba. Ya pili, kumi. Ya tatu, kumi na tatu, na siku hiyo mamba akaondoka na mkono wake wa kushoto. Akamwendea Jumbe damu ikimchuruzika.

"Jumbe, maji yanapanda!"

"Pole sana, Pazi. Lakini boma langu leo lina ishirini na tatu. Yatalifikia wapi?"

Akaja Mikidadi, fundi milango. "Jumbe, nimepata kanuni. Maji ni nne, ongeza tatu kwa kila siku. Boma ni ishirini, ongeza moja kwa kila siku. Taja siku yoyote, nitakupa kimo."

"Mwanangu, unanichosha."

Akaja Somoe, msusi wa mikeka, akatandaza mkeka wa miraba. "Kwenda pembeni ni siku, Jumbe. Kwenda juu ni shubiri." Akaweka kokoto kwenye kila kipimo cha Pazi, zikakaa mstari mmoja. Akavuta uzi mweusi juu yake, akauendeleza kwa kanuni ya Mikidadi. Kisha akavuta uzi mwekundu wa boma. Mwekundu ulianzia juu, ukapanda kivivu. Mweusi ulianzia chini, ukapanda mbio.

Jumbe akaufuata mweusi kwa kidole, anatabasamu. Kidole kikasimama. Nyuzi zilikuwa zimekutana.

"Siku ya nane?"

"Ya nane, kwenye shubiri ishirini na nane. Baada ya hapo maji yako juu ya boma."

"Leo ni ya tatu! Mama yangu!" Akapiga ukelele machela iletwe.

Walihama siku hiyohiyo. Siku ya saba, kwa kuwa boma halikuongezwa tena, wakiwa kilimani waliona mto unaruka boma. Mama yake Jumbe alikitazama kitanda chake kikielea.

Jumbe alikuwa na kishamba kimoja tu huko kilimani, cha jembe moja, hakigawanyiki. "Aliyemwokoa mama yangu akichukue," akasema.

Pazi akainua kigutu. "Bila vipimo vyangu, wangejua nini hawa?"

"Vipimo vyako vilikuwa vya jana," akasema Mikidadi. "Kanuni yangu ndiyo iliyoijua kesho."

"Nyote mlimwambia," akasema Somoe, "na mama akabaki palepale kitandani."

Jumbe akamgeukia mama yake amwamulie. "Shamba lako, amua mwenyewe," akasema mama.

Haya, msiniambie wagawane. Je, kishamba kile nani alistahili kukilima?