Ukanda Ambao Hatibu Hakuupima

Mtu mmoja, jina lake Hatibu Mwakidudu, alikuwa na kazi ambayo wengi hawajui hata kama ipo: kuchora ramani ya sakafu ya bahari. Kwa miaka thelathini na moja alitoka na chombo cha upimaji, akaenda na kurudi, mstari kwa mstari, kama mkulima anavyopiga matuta. Mashine iliyofungwa chini ya chombo ilituma sauti kilindini, kisha ikasikiliza mwangwi. Mwangwi ukirudi, kina kimejulikana, na Hatibu hupaka buluu. Usiporudi, sheria ya kazi ni moja tu: hapo paachwe peupe, ili kila nahodha ajue kwamba hakuna anayejua kilichopo.

Mwaka wake wa mwisho kazini alipewa kupima mkondo ulio kati ya kisiwa na bara. Siku ya kumaliza, bahari ilichafuka, na mashine ikanyamaza katika ukanda mmoja mwembamba. Mafuta yalikuwa yanakwisha, mabaharia wametapika mpaka nyongo, na ofisini ramani inangojewa. Hatibu akatazama mstari wa kushoto: kina cha pima arobaini, kila pima urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Wa kulia: pima arobaini. Katikati pangekuwa na nini kingine? Tena aliona haya. Ramani yake ya mwisho iwe na kiraka cheupe? Akapaka buluu. Msiwe wepesi wa kumcheka. Nani kati yetu hajawahi kujibu asilolijua, kwa kuwa tu aliyemwuliza alimheshimu?

Ramani ikachapwa, ikasifiwa. Kisha habari zikaenea kwamba meli ya abiria haitazunguka tena kisiwa. Itakata kwenye mkondo ule ule, chini ya nahodha mmoja mwanamke, Mwanamkuu. Tangu hapo Hatibu akawa njia panda. Akisema, amelichafua jina la miaka thelathini na moja. Akinyamaza, watu mia nne, na watoto wao mapajani, watapita juu ya kina alichokibuni yeye, na huenda chini pana mwamba.

Siku ya kumuaga, ukumbi ulijaa. Nahodha Mwanamkuu ndiye aliyeombwa kumkabidhi cheti. Hatibu hakukipokea. Aliisogelea ramani iliyobandikwa ukutani, akaweka kidole kwenye ule ukanda.

"Hapa sikupima," alisema. "Nilibuni."

Mkewe aliinamisha kichwa. Cheti kikarudishwa kwenye bahasha, na watu wakatoka bila kugusa pilau.

Safari ya meli iliahirishwa. Chombo kikatumwa kupima ukanda ule, kikarudi na jibu: pima arobaini, kama alivyobuni. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mtu mzima amejivunjia heshima bure, walisema wenzake. Angekaa kimya, nani angedhurika? Hatibu naye akaanza kuona kwamba labda wanasema kweli, akaacha kwenda barazani. Mimi ninamhurumia hapa kuliko mahali pengine pote, maana ni vigumu kutubu kosa ambalo halikumuumiza mtu.

Wiki ya pili, Nahodha Mwanamkuu alifika nyumbani kwake na ramani kwapani. Aliitandaza mkekani, akapitisha kiganja juu ya mistari yote, ile aliyoipima Hatibu na ile ya juzi.

"Mzee wangu," alimwambia, "mwanzoni niliiamini kwa sababu sikuwa na nyingine. Sasa naiamini kwa sababu uliniambia pale ambapo hukupima. Kesho napita na abiria wangu."

Hatibu alilia, wala hakuona haya.

Kina cha maji kilikuwa kile kile kabla hajasema na baada ya kusema. Basi wewe unayeaminiwa na watoto wako, na wanafunzi wako, na wote wanaolifuata neno lako: ni mara ngapi umekuwa sahihi bila kuwa mkweli?