Samaki Mwenye Mistari

Ndugu zangu, kule Mbeya alikuwako mama mmoja fundi cherehani, Atuganile, mwenye wana wawili wa kiume. Dada yake alipofariki, akamchukua na binti wa marehemu, Sekela, wa miaka tisa. Nyumba ikawa vita. Sekela hakuwa na maneno mengi. Alikuwa na meno.

Mama yule akawaza: nitafute kitu kimoja watakachokipenda wote. Akanunua tangi la kioo, akaliweka sebuleni, akawapeleka watoto kwa muuza samaki wa mapambo, kila mmoja achague wake. Wavulana wakachagua samaki wadogo wa Ziwa Nyasa waitwao mbuna, mmoja wa njano, mwingine wa buluu. Sekela akamnyooshea kidole samaki mkubwa mwenye mistari.

"Huyo hapana, dada," muuzaji akamwambia Atuganile. "Hao wawili wanakula utando wa kijani wa kwenye mawe. Huyu anakula wenzake. Wametoka ziwa moja, lakini tangi moja hawakai."

Mwenye busara huambilika. Akamwomba Sekela achague mwingine, naye akachagua. Akapanga mawe tangini, kila samaki apate pango lake. Miezi miwili, hakufa hata mmoja! Wageni wakiingia walisahau hata chai yao. Je, hamumsifu mama huyo? Mimi namsifu.

Basi, Jumamosi moja Sekela akamng'ata mkubwa wa wale wavulana mkono hadi damu. Atuganile akaacha cherehani, akaingia chumbani amewaka. Akamkuta mtoto anafunga nguo zake kwenye kanga.

"Unakwenda wapi?"

"Narudi."

"Unarudi wapi? Nani amekufukuza?"

"Yule mwenye mistari ulimwacha kwa sababu anauma," Sekela akasema bila kuinua macho. "Na mimi nimeuma, mama mdogo."

Hasira ikamwisha. Akaketi sakafuni. Kumbe wakati wote ule wageni wakisifu tangi, mtoto huyu alikuwa akingoja zamu yake!

"Samaki nilikwenda kuwachagua," akasema. "Wewe sikukuchagua, mwanangu. Wewe nilipewa. Ukiuma nitakukanya, utaomba msamaha, na ugali utakula hapa hapa."

Akafungua kanga, akarudisha nguo moja moja kabatini. Kisha akamshika Sekela mkono, wakaenda pamoja kumwosha kaka yake kidonda.

Hapo, ndugu zangu, ndipo ninapomsifu mara mbili. Kuchagua samaki wanaopatana ni busara. Lakini sisi busara hiyo tumeihamishia kwa watu! Shemeji ana maneno makali, tunamkwepa. Mwanakwaya ana ulimi mchungu, tunaunda kwaya nyingine. Sasa niambieni: kama Mungu angechagua wapole tu, nani angebaki humu ndani? Mimi hapa mbele msingeniona.

Yuko mtu wako uliyemwacha kwa sababu aliwahi kukuuma. Unamjua, na jina lake limekujia sasa hivi. Leo usiende nyumbani moja kwa moja. Kapige hodi kwake kwanza.