Jina Moja kwa Kifo cha Gwantwa

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini, maana wengi wenu mlikuwa mmeshazaliwa na redio mlikuwa mnasikiliza, palikuwa na nchi iitwayo Malunga. Nchi ndogo, haina bahari, ina milima, na chini ya milima hiyo kuna madini ya kutengenezea betri. Kwa ajili ya madini hayo mataifa makubwa yalijifunza kulitamka jina lake.

Malunga ilitawaliwa na mtu mmoja kwa miaka ishirini na miwili. Kila miaka mitano aliitisha uchaguzi, na kila miaka mitano alishinda. Mwaka huo akatokea mpinzani, mwanasheria aitwaye Asegelile. Alizunguka nchi nzima akisema, "Ilindeni kura yenu, nami nitawalinda ninyi." Watu walimwamini. Aliyemwamini kuliko wote alikuwa Gwantwa.

Gwantwa alikuwa fundi cherehani wa mjini Isuto, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mtoto pekee wa Bibi Sekela. Chama cha Asegelile kilimteua kuwa wakala wake katika chumba cha kujumlishia kura, pale Shule ya Msingi Isuto. Kazi ya wakala ni kukaa, kutazama, kuandika na kutia saini. Gwantwa alikaa. Alitazama. Aliandika. Asubuhi hesabu ilipokamilika, kila aliyekuwamo aliona ubaoni: Asegelile, kura elfu arobaini na moja. Rais, kura elfu tisa.

Isuto ndilo lililokuwa jimbo la mwisho, tena kubwa kuliko yote. Aliyeshinda Isuto ndiye aliyeshinda nchi.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu wanaingia watu watatu.

Wa kwanza ni Mwalimu Tusekile, mwalimu mkuu wa shule ile, ambaye mwaka huo alikuwa msimamizi wa uchaguzi wa jimbo. Saa nne asubuhi magari mawili yalisimama uwanjani. Ofisa mmoja akamwita nje kwa adabu kabisa. Ndani ya gari la pili alikuwa amekaa mume wake, mikono imefungwa, hana viatu.

"Mwalimu," ofisa alisema, "zigeuze. Ya juu ishuke, ya chini ipande. Ukimaliza kutangaza, mzee wako ataingia nyumbani kula chakula cha mchana."

Mwalimu Tusekile akarudi ndani. Akajaza fomu mpya. Akazigeuza kura kama chapati kwenye kikaango, kisha akazisoma kwa kipaza sauti mbele ya watu wote. Mume wake akashushwa garini.

Gwantwa alikataa kutia saini. Akamwambia, "Mwalimu, mimi ulinifundisha kuhesabu wewe, darasa la pili."

Mwalimu akaendelea kukusanya karatasi. Lakini fomu ya kwanza, ile ya kweli, hakuichana. Aliificha ndani ya daftari la mahudhurio, na siku hiyo hiyo, kabla ya alasiri, aliifikisha mikononi mwa mtu wa pili.

Mtu wa pili ni Daktari Lwitiko. Huyu hakuwa daktari wa sindano. Alifundisha sayansi ya siasa chuo kikuu, naye alizaliwa Isuto. Alikuwa amewatuma wanafunzi wake nchi nzima kupiga picha fomu zilizobandikwa vituoni. Alikuwa nazo zote. Ilibaki moja ya Isuto, na sasa Mwalimu Tusekile amemletea. Katika nchi nzima ya Malunga, mtu pekee aliyeweza kuthibitisha nani kashinda alikuwa yeye.

Akaenda kumtafuta Gwantwa. Akamkuta langoni pa shule, amesimama juu ya kreti la soda, ana kipaza sauti cha mkononi, anawasomea watu hesabu aliyoiandika. Watu kama mia tatu walikuwa wanampigia makofi.

"Dada Gwantwa," alisema, "endelea kusoma, usiache. Fomu zote ninazo. Nazipeleka kwa waangalizi wa kimataifa."

"Daktari, kwa nini usizisome wewe redioni leo?"

"Nikizisoma mimi watasema ni za mpinzani. Mgeni akizisema, dunia itasikia."

"Dunia itasikia lini?"

"Siku mbili. Tatu zikizidi. Wewe endelea."

Hapo mimi hasira hunipanda, nisameheni. Mtu kasimama foleni Isuto, kapiga kura Isuto, fomu anayo mkobani, na bado anaona arobaini na moja haijawa arobaini na moja mpaka itamkwe na mtu aliyekuja na ndege wiki iliyopita!

Siku ya kwanza Gwantwa alisoma, wakasikiliza mia tatu. Siku ya pili Gwantwa alisoma, wakasikiliza mia moja, kwa sababu askari walikuwa wameanza kupita nyumba hadi nyumba. Siku ya tatu Gwantwa alisoma, wakasikiliza ishirini. Wengine walisikiliza madirishani, mapazia yamefungwa.

Daktari alikuwa wapi? Alikuwa mji mkuu, hotelini, mbele ya mtu wa tatu.

Mtu wa tatu ni Bi Margit, kiongozi wa waangalizi. Kwao alikuwa waziri mstaafu. Alizipokea zile fomu, akazipitia moja moja tangu asubuhi mpaka saa kumi, akapiga meza kwa kiganja. "Huu ni wizi," alisema, na akaandika hivyo hivyo katika ukurasa wa saba wa ripoti yake. Daktari Lwitiko aliuona ukurasa huo kwa macho yake. Alitoka akiwa na furaha.

Kisha simu ikalia. Ilitoka wizarani, kwao Margit.

"Wiki ijayo tunasaini mkataba wa madini," sauti ilisema. "Ukimwita Rais mwizi, madini atawapa wale wengine. Fikiria vizuri."

Bi Margit alifikiri. Siku ya nne asubuhi akaenda Ikulu. Humo alipata habari kwamba watu arobaini na watatu, waliokamatwa kwa kubishia matokeo, walikuwa wanasubiri mahakama ya kijeshi, na mahakama ile ilijua adhabu moja tu. Akasema, "Watoke wao, na ukurasa wa saba utatoka." Wakakubaliana. Saa sita mchana, saa ile ile ambayo muda wa kupinga matokeo mahakamani ulikuwa unakwisha, ripoti ikasomwa redioni: "Uchaguzi ulifanyika kwa utulivu, licha ya kasoro chache."

Baada ya saa moja, taifa lile jingine kubwa, lile la "wale wengine", nalo likatuma salamu za pongezi. Mataifa yale mawili yalikuwa hayakubaliani juu ya jambo lolote duniani. Juu ya Malunga yalikubaliana kabla ya chakula cha mchana.

Daktari Lwitiko aliisikia ripoti akiwa kituo cha basi. Fomu alizorudishiwa zilikuwa bado mkobani. Kituo cha redio kilikuwa upande wa pili wa barabara. Aliketi kwenye benchi. Aliketi mpaka jioni.

Siku ya tano Gwantwa alisoma. Alikuwa anasikilizwa na mama yake na mbuzi wa jirani. Saa tatu asubuhi gari la askari lilisimama. Hawakumwambia ashuke. Risasi ilikuwa moja.

Bibi Sekela alimfunika mwanawe kwa kanga yake mwenyewe, akakaa pale chini kwenye vumbi, akawa anaendelea kusema hesabu: "Elfu arobaini na moja. Elfu tisa. Elfu arobaini na moja. Elfu tisa."

Baada ya mazishi Daktari Lwitiko alichapisha fomu zote. Zote! Zilisomwa na dunia nzima, na dunia ikasikitika. Yeye akafukuzwa chuo, akafungwa miaka miwili. Mwalimu Tusekile aliacha kazi, hakuingia tena darasani. Bi Margit alipewa cheo kipya kwao. Asegelile alikimbilia ng'ambo. Mkataba wa madini ulisainiwa kama ulivyopangwa.

Ikapita miaka tisa. Rais alizeeka, nchi ikakaribia kuwaka, na mataifa makubwa yakaogopa migodi itafungwa. Rais na Asegelile wakaitwa kwenye hoteli moja ya nchi ya mbali, yenye zulia jekundu. Wakakubaliana: Asegelile atakuwa rais, rais mzee atapumzika kwa heshima, na patatungwa Sheria ya Maridhiano. Asegelile aliitia saini kwa mkono wake, huku anatabasamu mbele ya kamera.

Sheria ilisema hivi. Waliobeba silaha wamesamehewa. Waliotoa amri wamesamehewa. Lakini familia ya kila marehemu itaruhusiwa kutaja mtu mmoja asiye askari, awe mwenyeji au mgeni, mmoja tu, aliyechangia kifo hicho kwa saini yake au kwa ukimya wake. Huyo atashtakiwa. Wengine watapewa hati ya msamaha. Familia isipotaja jina, wote wanasamehewa.

Ndivyo Bibi Sekela alivyoitwa kwenye ukumbi wa halmashauri, mbele ya Jaji mstaafu Fungameza, na watu wakajaa mpaka nje.

"Aliyempiga mwanangu risasi namjua," Bibi Sekela alisema. "Duka lake liko sokoni. Nimwandike?"

"Hapana, Bibi. Huyo kasamehewa."

"Na aliyemtuma?"

"Naye kasamehewa."

"Nani kawasamehe? Mimi sikuulizwa."

Jaji alitazama karatasi zake. "Bibi, waliobaki kwenye faili ni hawa watatu. Tuwasikilize."

Mwalimu Tusekile alisimama, mwenye mvi sasa. "Mama yangu," alisema, "nilitangaza uongo, sikatai. Lakini wao waliniwekea mtu wangu garini. Huyu Daktari nani alimwekea mtu garini? Huyu mama wa Kizungu nani alimfunga kamba? Mimi niliogopa kwa saa moja, kisha nikaitoa ile fomu, nikijua wakinikuta nayo ninakufa. Bila mimi huo ukweli mnaousema leo usingekuwapo."

"Ulimwona mwanangu langoni siku zote zile?" Bibi Sekela aliuliza.

"Nilimwona. Nyumba yangu inatazamana na lango."

"Ungetoka ukasema 'anachosoma ni kweli', wewe uliyetangaza, wangeondoka mia tatu wale?"

Mwalimu Tusekile alikaa.

Daktari Lwitiko akasimama. "Bibi, mimi nimefundisha miaka mingi kwamba uchaguzi hauibiwi siku ya kura. Unaibiwa siku zinazofuata, wenye ukweli wanaposubiriana. Nimeyafundisha hayo na bado nilisubiri. Niliogopa kwamba nikitangaza, watu watajaa barabarani na watauawa mamia. Nilitaka ushindi usio na maiti. Kisha nililipa. Miaka miwili gerezani, na sikio hili halisikii tena. Hawa wawili wamelipa nini?"

"Nani alimwambia Gwantwa aendelee kusoma?"

"Mimi."

"Siku ya nne, ulipojua hakuna anayekuja, ulimtumia mtu kumwambia ashuke kwenye lile kreti?"

Daktari alitikisa kichwa. "Sikumtumia, Bibi. Nilikuwa nimekaa."

Akasimama Bi Margit, na mkalimani pembeni yake. Hakuna aliyemlazimisha kuja. Kwao hakuna sheria ya kumkamata, naye alikuwa amekata tiketi mwenyewe. "Sikuwa nikimjua binti yako," alisema. "Simu ya madini ilipigwa kutoka kwetu, na ukurasa wa saba niliuondoa, sikatai, lakini nilijua majina arobaini na matatu. Ningeandika ukweli, wangekufa. Niliandika uongo, wakaishi. Hawa wenzangu walisubiri tu, mimi niliokoa watu. Mngenirudisha siku ile, ningefanya hivyo hivyo."

Watu wakazomea. Lakini mtu mmoja nyuma akanyoosha mkono, fundi seremala aitwaye Ipyana, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi ni mmoja wa wale arobaini na watatu. Nina watoto wanne sasa. Bibi, mimi sijui niseme nini, lakini nimeona nisimame."

Bibi Sekela alimtazama Ipyana. Kisha akamgeukia Margit. "Ile simu kutoka kwenu ilikuja kabla hujawajua hao arobaini na watatu, au baada?"

Mkalimani alitafsiri.

"Kabla," Bi Margit alisema.

"Kama wasingekuwapo hao wafungwa, ukurasa ungebaki?"

Mkalimani alitafsiri tena, Bi Margit akaketi.

Jaji Fungameza akasukuma karatasi na kalamu mbele ya Bibi Sekela. "Ofisi inafungwa saa sita, Bibi. Na leo ndiyo siku ya mwisho ya faili hili."

"Naweza kuandika Asegelile?"

"Rais? Hapana, Bibi. Sheria haimgusi."

"Sheria kaitia saini yeye."

"Ndiyo, Bibi."

Bibi Sekela aliishika kalamu. Akawatazama wale watatu, akautazama ule ukumbi uliojaa watu wa Isuto, watu wale wale wa madirishani, na hakuna aliyeweza kumtazama usoni. Saa ya ukutani ilionyesha dakika tano kabla ya saa sita.

Mimi nawaachia hapo, wasikilizaji wangu, na msinisingizie kwamba mwisho ninaujua na nimeuficha. Mkiiacha karatasi tupu, wote watatu wanakwenda nyumbani na hati zao, sawa na yule mwenye duka sokoni. Mkiandika, mnaandika mmoja na kuwaosha wawili. Yuko aliyetamka uongo ili amwokoe mumewe, akauficha ukweli daftarini. Yuko aliyeubeba ukweli siku nne mkobani, mwanamke akiwa juu ya kreti kwa maneno yake. Yuko aliyeufuta ukweli kwa ajili ya watu arobaini na watatu, au kwa ajili ya simu moja.

Je, kwa kifo cha Gwantwa, ni jina la nani lililostahili kuandikwa?