Mfalme Bungala na Neno la Mlangoni

Paukwa!

Pakawa!

Wale wa nyuma midomo imejaa mihogo, sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanatujibu tukiwasemesha, nchi ya Mitondoo ilitawaliwa na Mfalme Bungala. Huyu bwana alikuwa na ugonjwa wa amri. Mwezi wa kwanza aliamuru jogoo wasiwike mpaka yeye aamke, na kwa kuwa alipenda usingizi, jogoo wakawa wanawika saa ya chakula cha mchana. Mwezi wa pili aliamuru kila anayeoga mtoni avae kofia. Watu wakaoga na kofia zao. Wangefanya nini?

Mwezi wa tatu alipita nyumbani kwa Bi Mize, mfinyanzi wa vyungu, akasikia mgeni anapiga hodi na watu wa ndani wanaitikia kwa furaha, "Karibu!" Wivu ukamkaba. Akasema neno tamu namna ile haliwezi kuwa la kila mtu. Kesho yake mbiu ikapigwa: neno *karibu* ni mali ya mfalme. Atakayelitamka asiye mfalme atapalilia mihogo ya mfalme mpaka aote mvi.

Jamani, nchi ikapinda. Mkulima hakuweza kusema mvua iko karibu, akawa anaonyesha mawingu kwa kidole. Mpishi hakuweza kusema wali uko karibu kuiva, akawa anafunua chungu ili kila aliyeuliza achungulie mwenyewe.

Aliyeumia zaidi ni Mashavu, binti wa Bi Mize. Harusi yake ilikuwa wiki hiyo hiyo. Bwana arusi, Mbwana, alivuka mto na jamaa zake na ngoma zao, wakafika mlangoni wakapiga hodi. Ndani kimya. Wakapiga hodi tena. Ndani kimya. Wakapiga hodi mara ya tatu. Ndani watu wamejiziba midomo kwa viganja, machozi yanawatoka.

Na mnajua adabu yetu: usipokaribishwa, huingii. Wageni wakalala nje siku ya kwanza, wakalala nje siku ya pili. Siku ya tatu asubuhi mjomba wa Mbwana akatangaza kwamba jua likifika utosini wanaondoka, maana nyumba isiyowakaribisha imewakataa, na posa imevunjika.

Mashavu akaenda kulia uani. Huko alikuwa amefungwa beberu mnene wa harusi.

"Bibi arusi," beberu akasema, "mimi ndiye kitoweo chako, kwa hiyo harusi hii ikichelewa sinung'uniki. Lakini kilio chako kinanikosesha raha ya kutafuna. Ukiniachia roho yangu, nitakupa la kufanya."

"Nimekuachia," Mashavu akasema. "Watakula kunde."

"Basi sikiliza. Mfalme hakusema neno lisitumike. Alisema ni lake. Mwenye neno na aje alifanyie kazi."

Mashavu akafuta machozi, akakaza kanga, akaenda mbio hadi kwa mfalme. Akamwamkia kwa heshima zote, akamweleza kwamba ana wageni mlangoni na neno lao analo yeye, kwa hiyo amekuja kumchukua. Bungala akafurahi mno. Akavaa taji, akavaa viatu vya ngozi, akaenda kusimama ndani ya nyumba ya mfinyanzi.

"Hodi!" wakaita wa nje.

"Karibu," akasema mfalme.

Vigelegele hivyo! Ndoa ikafungwa, kunde za nazi zikapakuliwa, na beberu akala majani yote ya mapambo.

Lakini majirani walikuwa wameona. Mfalme hajalamba vidole, akaja mzee mmoja kumwambia mkwewe yuko mlangoni. "Hodi!" "Karibu," akasema mfalme, akakimbia kwingine. Kwingine mkunga amesimama nje na mama ndani ana uchungu. "Hodi!" "Karibu," akasema mfalme, akakimbia kwingine. Kiatu kimoja kikabaki topeni. "Hodi!" "Karibu," akasema mfalme, akakimbia kwingine. Cha pili kikabaki mgombani. Taji akalitupa mwenyewe, lilikuwa linamgonga masikio.

Alasiri akafika kwake anahema, akasimama mlangoni.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi. Mlinzi, umelala?"

"Nipo macho, Mtukufu," mlinzi akajibu kutoka ndani. "Ila neno la kukuambia sina. Unalo wewe."

Bungala akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akajiambia taratibu, "Karibu." Akangoja afurahi kama wale wageni wote aliowaona siku ile. Wapi! Akaona uchungu, akakaa chini akalia, maana alijua pale pale kwamba maisha yake yote watu walikuwa wakimwogopa tu, hakuna aliyefurahi kumwona akija.

Akainuka, akarudi peku hadi harusini. Ngoma zikanyamaza. Akawaambia watu kwamba neno ni lao tangu saa ile, na jogoo wawike wakitaka, na kofia zivuliwe. Watu wakatazamana, hakuna aliyethubutu kuamini.

Mashavu ndiye aliyesema. "Basi, Mfalme, toka nje. Uingie kama watu."

Akatoka, mlango ukarudishwa. Ikasikika sauti ndogo, ya mtu asiyejua atajibiwa nini.

"Hodi?"

"Karibu!" wakaitikia wote, bibi arusi na bwana arusi, Bi Mize na wageni wa ng'ambo ya mto, hata beberu mdomo umejaa majani.

Mfalme hakuingia. Alibaki pale pale nje, akawaomba waseme tena.

Wakasema tena.

Hadithi yangu imekomea hapo mlangoni, na mwenye yake sasa apige hodi.